Juni shule zimefungwa, waacheni watoto wetu

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya vijana wa ng'ambo waliokuja Longido "kufundisha watoto wa wafugaji", mliyoipamba kwa picha ya msichana mgeni amezungukwa na wanafunzi wenye sare, imenitoa kwenye ukimya wa miaka mingi. Nalisoma gazeti hili tangu nikiwa kazini na sijawahi kuliandikia hata mstari mmoja. Mwandishi wenu anasema alikuwa hapo katikati ya Juni. Je, katika chumba chenu cha habari hakuna hata mmoja mwenye mtoto shule ya msingi? Katikati ya Juni shule za serikali zimefungwa. Muhula wa kwanza umekwisha, wa pili unaanza Julai. Basi wale watoto wenye sare walikuwa wanafanya nini darasani?

Nawajibu mimi, kwa kuwa mjukuu wangu alishawahi kusimamishwa mstarini kupokea wageni wa namna hiyo.

Mwaka jana alikuwa Darasa la Nne. Shule ilipofungwa alikwenda ronjo na babu yake, upande wa nyanda za chini kuelekea Ziwa Natron. Kwa wasomaji wasiojua, ronjo ni kambi ya muda ya malisho. Masika ikiisha, majani ya karibu na boma, yaani alalili, malisho yaliyotengwa, tunayaachia ndama, na ng'ombe wakubwa wanahamishiwa mbali. Kwa mtoto aliye shule mwaka mzima, likizo ya Juni ndiyo nafasi ya kujifunza kwa wazee wake: majani gani yanamvimbisha ng'ombe, mnyama anayeanza kuugua anasimamaje, kisima kipi ni cha ukoo upi na zamu ya kunywesha inapangwaje. Waliopoteza karibu mifugo yote katika ukame wa 2009 wanaelewa kwa nini elimu hiyo hatuwezi kuiacha, hata sisi tuliokula chaki maisha yetu yote.

Hajamaliza wiki, simu ikapigwa kutoka shuleni. Wanafunzi wote warudi, sare ziwe safi, kuna wageni. Mzazi ambaye mtoto wake hataonekana ataandikwa jina. Mtoto akarudi kwa miguu na binamu yake, wakaingia bomani usiku. Kesho yake walisimama mstarini tangu saa mbili asubuhi. Uji haukupikwa, maana mpishi naye alikuwa likizo. Wageni walishuka garini saa sita imepita. Wakaingia darasani wakawaimbisha wimbo wa viungo vya mwili kwa Kiingereza, wimbo ambao watoto hao wameimbishwa na wageni kila mwaka tangu darasa la awali, na wa Darasa la Saba wakaimbishwa huohuo pamoja na wadogo zao. Zikafuata picha. Mtoto mmoja wa kike aliyejificha uso alivutwa mkono akaletwa mbele ya kamera, na nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Hakuna mzazi aliyeulizwa, ingawa nchi hii ina Sheria ya Mtoto tangu 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Saa tisa gari likaondoka. Mjukuu wangu alipotaka kurudi ronjo, babu yake alikuwa ameshahamisha ng'ombe kufuata maji, na hapakuwa na mtu wa kumpeleka. Likizo yake ikaishia hapo. Mhariri, mtoto yule alinyang'anywa likizo ili mtu mwingine apate picha ya likizo yake, na watu wazima tulioaminiwa kumlinda tulisimama pembeni tukipiga makofi. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo mwandishi wenu aliloliita "furaha ya wanakijiji".

Nilimfuata mwalimu mkuu. Aliniambia kampuni iliyowaleta imeahidi madawati, naye angekataaje wakati watoto wanakaa chini? Sikuwa na la kumwambia. Nikazungumza pia na kijana mmoja katika wale wageni, kijana mwenye adabu, aliyenisalimu kwa shikamoo. Alidhani shule ndiyo iliyoomba walimu. Hakuna aliyemwambia kwamba tuko likizo. Fedha aliyonitajia kuwa ameilipa kwa wiki mbili, bila nauli ya ndege, inazidi mshahara wa miezi kadhaa wa mwalimu anayeanza kazi. Madawati yaliyofika hayakujaza hata darasa moja. Sina ugomvi na kijana yule. Ugomvi wangu ni na wanaomuuzia muda wa watoto wetu na kuupanga kwa kalenda ya vyuo vya kwao, kwa kuwa Juni hadi Agosti ndiyo likizo yao ndefu ya majira ya joto.

Wapo watakaosema nawafukuza wageni. Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kupokea vijana wa Kimarekani wa Peace Corps, mpango wa kujitolea wa serikali yao. Kundi lile la kwanza lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa kuwa nchi iliomba watu wa barabara na ramani. Tuliomba sisi, wakaja wenye ujuzi wa kazi ile, wakajifunza Kiswahili, na muda wao ulikuwa kama miaka miwili. Hata walimu wetu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza Darasa la Saba na kuchekwa sana miaka ya 1970, walifundishwa kazi huku wakisimamiwa, na walikaa na watoto waliowafundisha. Leo mtu wa miaka 19 asiye na cheti chochote cha ualimu anakabidhiwa chaki kwa sababu amelipa.

Na hapa nitasema la pili, maana limenikaa kooni. Yupo binti wa kijiji chetu, nilimfundisha mwenyewe kusoma na kuandika, ana stashahada ya ualimu. Anauza vocha na kufanya miamala ya simu pale Namanga. Anakijua Kimasai, na watoto wetu wengi wanaingia Darasa la Kwanza hawajui Kiswahili. Anayeweza kuwavusha ni mtu kama yeye. Kila nafasi za ajira zikitangazwa anaomba, na kila mara anarudi kwenye kibanda chake. Walimu wa namna yake wamejaa nchi nzima, na tumewasikia wakiambiwa wajitolee kwanza. Wajitolee kwa kula nini? Mgeni anayejitolea ana bima, ana hoteli Arusha, ana tiketi ya kurudi. Binti yule ana mama mgonjwa na mdogo wake anayesoma sekondari. Ada ya wageni wa gari moja ingetosha kumlipa mwaka mzima na zaidi, na Darasa la Kwanza wangemaliza mwaka wanajua kusoma. Sijaona gazeti lolote likimpiga picha.

Bado kuna vituo vya kulelea watoto wanaoitwa yatima huko mijini, ambako vijana haohao hupelekwa kubeba watoto wachanga kwa wiki moja kisha wanawaacha. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wengi wa watoto walio kwenye vituo hivyo wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 wakapata Sheria mpya ya Watoto pamoja na mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Walishapata funzo chungu: kijana kutoka Oklahoma, Marekani, aliyekuwa akijitolea kwenye kituo cha watoto karibu na Nairobi alihukumiwa na mahakama ya kwao mwaka 2016 kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu watoto kingono. Sisi tunangoja nini?

Napendekeza hivi. Siku shule inapofungwa Juni, funguo za madarasa zikae kwa mwenyekiti wa kijiji, na zisitoke mpaka siku ya kufungua. Anayetaka kufundisha alete vyeti kwa Afisa Elimu wa wilaya kabla ya Machi kwisha, aanze siku ya kwanza ya muhula wa pili na akae hadi shule zinapofungwa Desemba. Mwenye wiki mbili tu apewe koleo na toroli. Malambo yetu yamejaa tope, na kiangazi ndio wakati wa kuyafukua kabla ya vuli. Kazi ipo, ni nzito, na wazee wa kijiji watamwonyesha pa kuchimba. Kila kampuni inayoleta wageni iandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: imeleta wangapi, kila mmoja amelipa kiasi gani, na kijijini kimebaki kiasi gani. Takwimu hizo zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa kila miezi mitatu, na fedha ya kwanza imlipe mwalimu mmoja mzaliwa wa hapa, mwenye cheti.

Nanyi gazetini, mrudisheni mwandishi wenu Julai, wiki shule zinapofunguliwa. Aingie Darasa la Kwanza, ahesabu watoto wanaokaa chini, ahesabu na walimu, kisha aiandike habari hiyo kwenye ukurasa uleule mlioweka ile picha.

Mwalimu mstaafu,
Longido, Arusha.