Mchuchumio kwa mguu wa kiume: njoo na vipimo, si namba

Ndugu Mhariri,

Msimu wa korosho ukianza kulipa, harusi na maonesho huongezeka huku kwetu Mtwara na Lindi, na mafundi viatu huanza kuulizwa swali lilelile: mwanamume anayevaa namba 43 au 44 atapata wapi kiatu cha kisigino kirefu? Wanaouliza ni waigizaji wanaocheza nafasi za akina mama, wanamuziki, washereheshaji, na mabwana harusi wanaotaka kuongeza kimo kidogo. Wengi wao huishia kubanwa na skuna namba 41, au kuvaa kiatu cha kawaida kilichopigiliwa kisigino chini. Skuna hiyo huumiza vidole. Kiatu cha kupigilia kinaweza kumwangusha mtu.

Wateja wengi hunong'ona wanapouliza, na hakuna sababu. Waajemi wapanda farasi walivaa visigino ili mguu ukae imara kwenye kikuku cha tandiko. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alichorwa mwaka 1701 akiwa na visigino vyekundu. Na wazee wetu wanazikumbuka raizoni za miaka ya 1970, zilizovaliwa na suruali za bugaluu.

Tatizo kubwa ni namba. Namba ya Ulaya hupima urefu wa kalibu, yaani umbo ambalo kiatu hujengwa juu yake, na kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Haisemi lolote kuhusu upana. Kalibu ya kike huwa nyembamba kuliko ya kiume yenye urefu uleule, ndiyo maana mwanamume wa 43 akipata skuna ya 43 bado hubanwa kwenye mwanzo wa vidole. Kwa hiyo jipime jioni, mguu ukiwa umeshajaa. Simama juu ya karatasi, uzito wote ukiwa mguuni, chora ukingo kwa penseli iliyosimama wima, kisha pima kutoka kisiginoni hadi kidole kirefu. Ongeza sentimita 1.5, zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 27 unakupa 42.75, yaani 43. Wa sentimita 28 unakupa 44.25, yaani 44. Halafu zungusha utepe wa fundi cherehani pale mguu ulipo mpana kuliko kote, uandike. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja humzidi mwenzake.

Kiatu kikiandikwa namba za Marekani, ya kike huizidi ya kiume kwa moja na nusu hivi: anayevaa 10 ya kiume atafute 11 na nusu au 12 ya kike. Za Uingereza kwa kawaida ni zilezile kwa wote, na 9 yao ni kama 43. Wapo watengenezaji wanaofika mbali zaidi. Pleaser ya Marekani ina mitindo inayofika 16 ya kike. Lakini kuagiza nje ni gharama, kwa hiyo wengi wetu tunategemea mitumba.

Kwenye mitumba anza upande wa kiume. Buti za kauboi na viatu vya kiume vya dansi la Kilatini huwa na kisigino cha sentimita 4 hadi 5, na kalibu yake tayari ni pana. Kama ni lazima kiwe cha kike, chagua chenye mkanda wa kufunga kifundo. Wacheza mironjo wa Kimakonde wanalijua hili: mguu ukishapanda juu, usalama uko kwenye kamba. Ngozi halisi unaweza kuipanua upande. Leksini, yaani ngozi ya bandia, haipanuki, hupasuka.

Kabla ya kulipa, bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Soli nyepesi za povu la poliyurethani huoza kwa unyevu hata zikiwa hazijavaliwa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ikinata, au ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au ikidondosha unga, rudisha. Inaweza kumeguka jukwaani siku ya kwanza. Kisha kamata ncha na kisigino, ukikunje kiatu: kikunjike kwenye vidole tu. Kikikunjika katikati, bapa la chuma lililo ndani ya unyayo limevunjika au halikuwepo, na mwanamume wa kilo 80 hatakimaliza kipindi.

Sasa tuwaseme mafundi wenzetu. Kiatu cha kisigino kifupi hakigeuki mchuchumio kwa kupigiliwa. Kalibu yake iliumbwa kwa kimo kimoja. Ukizidisha sentimita moja au moja na nusu, ncha inainama chini, unyayo wa katikati unabaki hewani, na mvaaji anaserereka mbele. Wala usihamishe kisigino cha kiatu cha 37 kwenda cha 43. Mteremko wa sentimita 8 kwenye 37 ni sawa na zaidi ya sentimita 9 kwenye 43, kwa hiyo kikombe cha kisigino, yaani sehemu yake ya juu inayobeba kiatu, hakilali sawa.

Njia salama ni ya raizoni: pandisha soli nzima. Ukiweka sentimita 3 mbele na 3 nyuma, mvaaji anapata kimo na mguu haujui. Chubua pande zote mbili, paka gundi ya mpira nyembamba, subiri dakika 10 hadi 15, na siku ya mawingu zaidi, mpaka isinate kidoleni, ndipo ugonge. Kisigino kilicholegea kisipakwe gundi peke yake: fungua unyayo wa ndani, weka skrubu katikati na misumari yenye mifereji ubavuni kukizunguka. Misumari isiyo na mifereji huchomoka, na hewa ya chumvi huila haraka. Kitako cha kisigino kisipungue sentimita 3 kwa 3. Kitako cha sentimita moja huzama kwenye mchanga wa Shangani na Mikindani kabla mtu hajafika ukumbini.

Kwa wafanyabiashara wanaofungua mabelo hapa Mtwara, Lindi na Masasi: viatu vya kisigino vya namba 42 kwenda juu hutupwa kwenye rundo la bei ya chini kwa kuwa wanawake wachache huvijaribu. Tunaomba mvitenge, mvifunge kwa jozi, na mwandike kwa chaki urefu wa ndani kwa sentimita chini ya soli. Wanunuzi wapo.

Mafundi viatu,
Mtwara Mjini