Shangazi, magoti na sukari viangaliwe pamoja

Shikamoo Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya kwanza nikiwa kwenye basi la usiku natoka kazini. Ulikuwa na habari mbili, ukazitenga kama mambo ya nyumba mbili. Kwanza, magoti yamekukata tangu Ramadhani, kusujudu huwezi, sasa unasali kwenye kiti. Pili, kliniki wamekugombeza kwa sababu sukari iliyokuwa ikicheza kwenye 7 imefika 13, na wewe unaapa chakula hujabadili. Katikati ya hayo ukapitisha neno moja upesi upesi: matembezi ya alfajiri umeyaacha. Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Umeniruhusu nikujibu hadharani, maana uliniambia upatuni mwenu mko watano wenye sukari na wote mnalalamika magoti. Basi barua hii ni yako, na wenzako wasomewe.

Kazi yangu unaijua, nahudumia wazee hapa Columbus, Ohio. Asubuhi muuguzi anapita kupima sukari, mimi nafuata kuwainua vitandani. Mwanzoni sikulitilia maanani, lakini baada ya miezi michache nikaona kwamba anaowatoboa vidole kupima sukari ndio hao hao wanaoshika bega langu kwa nguvu wakisimama. Wamarekani wameshalihesabu jambo hili. Kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, huwapigia watu simu kila mwaka, jimbo kwa jimbo, kuwauliza afya zao. Katika majibu ya 2005 na 2007, watu wazima 52 katika kila 100 wenye kisukari walikuwa pia na ugonjwa wa viungo (arthritis), ule wa maungio ya mifupa kama magoti. Kwa waliofika miaka 65 walipita 6 katika kila 10. Ukichukua watu wazima wote wa nchi ile, wenye sukari na wasio nayo, ni kama mmoja kati ya watano tu. Sehemu ya tofauti hiyo ni umri, kwa sababu wenye kisukari wengi wana umri mkubwa zaidi, lakini umri peke yake haumalizi maelezo.

Halafu kuna mahali mtu anapoishi. Jirani na Ohio kuna West Virginia, nchi ya milima na migodi ya makaa ya mawe, na baadhi ya wazee ninaowahudumia wametoka huko. Mwaka 2015, hata baada ya wataalamu kusawazisha umri ili vijana na wazee wasivuruge hesabu, watu wazima karibu 34 katika kila 100 wa jimbo lile walikuwa na ugonjwa wa viungo. Katika mji mkuu, Washington, walikuwa 17. Na sehemu kubwa ya West Virginia imo ndani ya kile CDC walichokiita mwaka 2011 ukanda wa kisukari: kaunti 644 katika majimbo 15, nyingi za kusini, ambako sukari imeshika watu kuliko kwingine. Kazi nzito za mwili, uzito, umaskini, umbali wa hospitali, vyote vinakutana pale pale, na mwili wa mtu unabeba maradhi yote mawili.

Lakini angalia swali lenyewe linavyoulizwa kwenye simu: je, daktari au muuguzi amewahi kukuambia una ugonjwa wa viungo? Anayehesabiwa ni aliyeambiwa. Wewe, Shangazi, nani amewahi kukuambia? Jirani amesema baridi yabisi, muuza duka la dawa amesema uzee, mke wa mjomba amesema ni ule mwaka uliokaa nyumba yenye sakafu ya baridi. Daktari hajakushika goti hata siku moja. Kwa swali la namna ile usingehesabiwa, na magoti yako yangeendelea kuuma nje ya hesabu. Kwa hiyo ukisikia mahali fulani ugonjwa huu ni mdogo, uliza kwanza kama kuna wa kuwaambia watu.

Sasa kwa nini viwili hivi vinaandamana. Sukari ikikaa juu miaka mingi hunata kwenye protini zinazoshikilia viungo, kano na gegedu zikakakamaa, zikapoteza ule unyumbufu wake. Ndiyo maana wenye kisukari wengi huganda bega, wakashindwa hata kufikisha mkono nyuma kufunga sidiria, na wengine vidole havinyooki. Jaribu hivi ukiwa umekaa: kutanisha viganja vyako uso kwa uso, vidole kwa vidole, ubane. Kama vinabaki na uwazi na huwezi kuuziba, mwambie daktari wa kliniki, ni dalili wanayoifahamu. Magoti nayo yana hesabu yake. Watafiti wa Marekani walipima mzigo unaolikandamiza goti na wakakuta kwamba kila kilo anayopungua mtu mnene inaliondolea goti kama kilo 4 katika kila hatua. Kilo 3 tu, Shangazi, ni 12 kwa kila unyayo unaoweka chini.

Tatizo ni kwamba goti likiuma mtu anakaa, akikaa misuli ya paja inanywea na sukari inakosa pa kutumika, sukari ikipanda uzito nao unapanda, goti linazidi kuuma. Katika utafiti ule wa simu, wenye maradhi yote mawili karibu 30 katika kila 100 hawakuwa wakifanya zoezi lolote. Wenye kisukari peke yake walikuwa 21. Wale tisa wa katikati ndio mimi nawawaza, kwa sababu wewe umejiunga nao mwezi huu. Waliokuambia upumzishe magoti walikuonea huruma, lakini goti lililolika linahitaji kutembezwa. Anza dakika 10 baada ya chakula cha asubuhi, 10 jioni. Maumivu yakizidi kidogo kisha yakatulia ndani ya saa moja mbili, hukuharibu kitu. Yakibaki hadi kesho yake, punguza, usiache. Na ukiwa unangoja chai ichemke, inuka kwenye kiti na ukae tena bila kushika meza, mara 5. Wazee wangu hapa wanafanya hivyo na wapo wenye miaka 80 na kitu.

Ufukwe wa Raskazone, hapo Tanga, pia si mbali na kwako. Maji yakifika kifuani mwili unakuwa mwepesi na goti linapumua, ukatembea humo robo saa bila kilio. Ila usiingie peku. Ulishaniambia nyayo zina ganzi, na mwenye ganzi anaweza kukanyaga kome au kipande cha chupa asijue mpaka aone damu kwenye mkeka. Vaa viatu vya kufunika vidole, na ukirudi mtoto akukague nyayo zote mbili, hata katikati ya vidole.

Na hapo hapo niseme la maji ya moto. Najua unakanda magoti na miguu kila usiku. Goti kanda, lakini nyayo zenye ganzi usizitumbukize kwenye beseni kwa kupima kwa mguu, kwa sababu mguu huo hautakuambia ukweli. Apime mjukuu kwa kiwiko chake. Nimemwona hapa mzee aliyeungua mguu kwa maji ya kukanda. Hakuhisi kitu, na kidonda kile kilikaa miezi.

Sasa nije kwenye vile vidonge vya kwenye kijikaratasi cha kaki. Ulivitaja ukicheka, kwamba ni mitishamba, kwamba siku ya pili tu ulipanda ngazi. Mimi sikucheka. Dawa za miti sizidharau, Bibi alitulea nazo. Lakini katika nchi nyingi dawa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo zimepimwa na kukutwa zimechanganywa na steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni. Steroidi hutuliza maumivu upesi kweli, na hupandisha sukari upesi vile vile. Kama uso nao umevimba na njaa ni ya ajabu, na sukari imetoka 7 kwenda 13 bila kubadili chakula, Shangazi, vipange hivyo pamoja halafu vipeleke kwa daktari, na hicho kijikaratasi ukibebe. Kama umevitumia wiki nyingi usiviache ghafla kwa uamuzi wako, maana mwili unaweza kuwa umevizoea na kuviacha kwa mara moja kuna hatari yake. Daktari ndiye wa kukushusha taratibu.

Diklofenaki unayonunua dukani nayo si ya kumeza kila siku kwa mtu mwenye sukari na presha, inazielemea figo. Muulize kama parasetamoli itatosha, au ile ya kupaka.

La mwisho, na hili wenzako wa upatuni walisikie vizuri: mguu wenye ganzi ukivimba, ukawa wa moto na mwekundu, hata kama hauumi sana, huo msiuchue mafuta na msiuite baridi yabisi. Mifupa ya mguu inaweza kuwa inavunjika na kuporomoka ndani kwa ndani mtu akiendelea kuukanyaga. Aende hospitali siku ile ile.

Kliniki yako ni Jumatano. Usiwape habari ya sukari ukaiacha ya magoti mlangoni. Ukikaa tu, kabla hawajafungua faili, waambie: nimeacha kutembea kwa sababu ya magoti, na hivi ndivyo vidonge nilivyokuwa nameza. Kama una haya, mpe mtoto azungumze.

Jumapili nitapiga saa moja usiku ya kwenu. Niambie vile viganja vimekutana au vimeacha uwazi.

Mwanao,
Columbus