Udi, randa na mshipi: barua kwa mpwa wangu aliyeko Maskati

Mpwa wangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata, kwamba wataka udi wa marehemu baba yako, ile ala yake ya nyuzi, uletwe huko. Utaletwa, inshallah. Lakini ukiutoa kwenye boksi ukautundika ukutani chini ya kiyoyozi, hauchukui muda utapasuka. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenye vyombo vya wazee wao makabatini ni wengi, na kwa sababu aliyoyajua baba yako hayastahiki kufukiwa pamoja naye.

Hakuwa mtu wa majukwaa makubwa. Vikundi vya taarab vya hapa Unguja, Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na yeye hakuwa wa huku wala kule. Alipiga harusi za mitaani, Malindi mpaka Ng'ambo, na mchana alikuwa seremala. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, alikuwa akivua, na aliyemhitaji alijua kumsubiri pwani.

Udi ule una nyuzi 11: jozi 5 na besi moja pekee. Zote zimefungiwa kwenye kipande kimoja cha mbao kilichogundishwa usoni mwa chombo, na uso wenyewe ni mwembamba, milimita 2 hivi. Mbao zake zimezoea unyevu wa huku. Zikiingia chumba kikavu zinasinyaa upesi, uso unapasuka kufuata mkondo wa mti, na kile kipande kinaanza kunyanyuka kwa nyuma. Kwa hiyo nyuzi zote zitashushwa sauti nzima moja kabla ya safari, bila kuzilegeza kabisa. Ukifika, liache boksi limefungwa siku nzima lizoee joto la nyumba. Kisha weka ndani yake kisanduku cha plastiki chenye matundu, na ndani ya kisanduku sponji iliyolowekwa ikakamuliwa vizuri, isidondoshe hata tone. Nunua kipimo cha unyevu. Kisome kati ya asilimia 45 na 55. Sponji ikikauka, irudishie maji.

Vigingi vya kukazia nyuzi vikiteleza, vipake chaki. Vikigoma kuzunguka, vipake sabuni kavu. Vyote viwili utavikuta kwenye mfuko wa udi, pamoja na risha zake za kupigia. Usikigongomee kigingi kiingie ndani, utapasua kichwa cha udi.

Na kile kipande kikibanduka, tafadhali, usikubali gundi nyeupe ya fenicha. Baba yako alikuwa nayo kwa makopo kwenye karakana, na hakuigusisha kwenye udi hata siku moja. Alitumia gundi ya ngozi: chembe zake zinalowekwa maji baridi usiku kucha, asubuhi kopo linatiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, joto kama digrii 60. Ikichemka inapoteza nguvu. Uzuri wa gundi hii ni kwamba inakubali kuachia. Fundi anapitisha kisu cha moto chenye maji, anafungua, anatengeneza, anafunga tena. Ile nyeupe ukitaka kuibandua inaondoka na mbao, na uso wa udi ukishanyofoka, fundi gani ataurudisha?

Kwenye milango yake utaona fikra hiyo hiyo. Paneli hakuzitia gundi. Ubao unakaa ndani ya mfuo, umeachiwa milimita 2 au 3 kila upande ili uvimbe masika na usinyae kaskazi. Mafundi wenye haraka huzigundisha, mteja anafurahi kwa kuwa hazichezi, halafu ukame wa kwanza unampasulia ubao katikati.

Mshipi wake wa kuvulia nimeuosha kwa maji ya mfereji, nikauanika kivulini kwa sababu jua linaidhoofisha nailoni. Uangalie ulivyofungwa kabla hujaufumua. Chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, iko chini kabisa, ndoana mbili juu yake kwa matawi mafupi, na chubwi imefungiwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa kwenye mwamba, unakatika ule mwembamba. Umepoteza risasi tu, mshipi na ndoana vinarudi. Chambo chake kilikuwa ngisi, amemkata vipande virefu kama utepe. Aliyachagua maji mafu kwa sababu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unauchukua mshipi ukalala, na samaki akigusa husikii.

Changu anagonga mara mbili, kidogo sana, kisha uzi unakuwa mzito. Anayevuta akigongwa mara ya kwanza tu anabaki na ndoana tupu. Baba yako alikuwa anasubiri, uzi umepita juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, macho pengine kabisa. Akianza kuvuta ndipo anavisha vidole vya kushoto kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Vidole hivyo ndivyo vya kubania nyuzi, na nailoni ikivikata, udi haupigiki mpaka kidonda kifunge. Mpira wenyewe umo kwenye kopo la ndoana. Umeingia alama za mshipi pande zote.

La mwisho, mlango wa chumba cha uani umeanza kugoma kwa mvua hizi, na jirani keshakuja na randa mara mbili. Nimemzuia. Ukipigwa randa sasa, utakuja Januari uukute una pengo la kupitisha kidole. Mwambie na mama yako kwa simu asimruhusu mtu.

Mjomba wako