Zamu za madereva zianze na mapumziko

Mhariri,

Wasambazaji wengi wa mikate Dar es Salaam hupanga gari kwanza, dereva baadaye. Hapo ndipo ajali inapoanzia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa kawaida inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku mbili za kazi. Aliyekabidhi ufunguo saa 4 usiku asipangiwe safari ya saa 10 alfajiri. Hizo ni saa 6 tu!

Kenta ikitumiwa na madereva wawili, iachwe saa nzima kati ya zamu zao mbili. Foleni ya Ubungo huweza kula nusu yake. Inayobaki ni ya mafuta, kukagua matairi na breki, na kuandika kasoro daftarini. Bila daftari, dereva wa jioni hurithi tairi bovu asilolijua. Na gari la akiba lisipangiwe njia kabisa.

Msimamizi wa usafirishaji,
Dar es Salaam