Kagueni eneo usiku kabla hamjawaleta watoto

Mhariri,

Nimelea vijana kambini kwa miaka 11 sasa. Likizo zikikaribia, matangazo ya kambi hupambwa kwa picha za mto, ziwa, msitu, kilima, na zote zimepigwa mchana jua likiwaka. Naomba nafasi niseme neno na wenzangu wanaoandaa programu hizi, pamoja na wazazi wanaozilipia. Eneo likaguliwe saa zilezile ambazo watoto watakuwa wanalitumia, na usiku usiachwe.

Nilijifunza kwa uchungu. Mwaka mmoja tulikodi kituo ambacho mwenzetu alikitembelea saa 4 asubuhi, akarudi na sifa tupu. Usiku wa kwanza msichana wa miaka 12 aliamka kwenda chooni. Toka bwenini hadi chooni ni hatua 70. Nilizihesabu kesho yake. Taa ya katikati ilikuwa imeungua, na njia ilipita juu ya shimo la majitaka lililofunikwa kwa ubao uliooza. Mguu wake ukazama hadi pajani. Walezi wa zamu tuliwaweka langoni wazuie wageni, kwa hiyo njia ya choo haikuwa na mtu. Kama asingepiga kelele, sijui tungemkuta saa ngapi. Alishonwa nyuzi 9. Mama yake alipofika aliniuliza, "Hiyo njia mliipita kabla?" Nikashindwa kumjibu.

Hilo lilikuwa shimo. Maji ya mto hayatoi nafasi ya kushonwa. Alfajiri ya tarehe 4 Julai 2025, mto Guadalupe huko Texas, Marekani, ulifurika na kuua watoto na walezi 27 wa Camp Mystic, kambi iliyokuwapo tangu 1926. Mto huohuo, Julai 1987, uliua vijana 10 waliokuwa wakihamishwa kutoka kambi nyingine. Nawasihi wenzangu, msiridhike kuambiwa kwamba kituo ni cha siku nyingi. Waulizeni wazee wanaoishi jirani maji yamewahi kufika wapi. Tazameni miti ya kingoni: takataka zilizonasa matawini zinaonyesha kimo cha mafuriko yaliyopita. Na mvua haihitaji kunyesha kambini. Ikinyesha milimani, mto unaweza kuwajia usiku huku juu yenu kuna nyota. Mabweni yakiwa bondeni, kila mtoto aipande njia ya kwenda juu kwa miguu yake siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua begi.

Kuna pia suala la kujua nani anawasubiri. Machi 1993, kundi la wanafunzi lilitoka kwa mitumbwi midogo kwenye ghuba ya Lyme, Uingereza. Upepo uliwasukuma baharini, wakakaa majini kwa saa kadhaa kabla ya kuokolewa, na vijana 4 wakafa. Ilibidi Bunge la huko litunge sheria mwaka 1995 ya kuvipa leseni na kuvikagua vituo vinavyoandaa michezo kama hiyo kwa vijana. Mimi huwa nauliza hivi: kundi likichelewa kurudi kwa nusu saa, ni nani aliyebaki nchi kavu anayejua kwamba limechelewa, na simu yake inashika mtandao pale aliposimama? Mara nyingi jibu ni kwamba walezi wote wamekwenda na watoto.

Juu ya radi sitasema mengi. Ukisikia ngurumo, uwanja uachwe, watu waingie kwenye jengo, wasikae chini ya mti, na mchezo usirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine.

Hatari nyingine ya mahali tunaibeba mifukoni. Walezi hurusha picha za watoto mtandaoni kambi ikiendelea, zikiwa na jina la kituo, ratiba ya kesho na sura za watoto. Hata picha ambayo haikuandikwa chochote huweza kuhifadhi ndani yake alama ya mahali ilipopigwa, kama simu imeruhusiwa kufanya hivyo. Mtu mwenye nia mbaya hana haja ya kumfuatilia mtoto. Tumeshamwambia mtoto yuko wapi na atatoka saa ngapi. Picha zinaweza kusubiri mpaka kila mtoto awe amefika kwao.

Tangu mwaka ule, kwetu walezi 2 hulala kituoni usiku mmoja kabla ya kambi. Hutembea gizani kwenda chooni, hujaribu kila komeo kwa ndani, hupiga simu wakiwa kwenye kila kona, kisha huandika waliyoyaona kwenye karatasi ambayo mzazi yeyote anaweza kuisoma. Kituo kikikataa tulale, tunatafuta kingine.

Mlezi wa kambi za vijana