Aksanti kwa papa wa kofia ya kijani
Jumamosi iliyopita kundi la watoto la parokia yetu, hapa Goma, liliandaa mashindano ya chukudu ndogo, yaani zile skuta za mbao za kusukuma kwa mguu. Sharti lilikuwa moja: mtoto atengeneze yake kwa mkono wake. Binti yangu alichonga ubao wa mkalitusi, akazungushia magurudumu vipande vya tairi kuukuu, kama mafundi wanavyofanya kwenye chukudu kubwa za kubebea makala (makaa) na viazi. Ilipinda kidogo, lakini ilikuwa yake. Uwanjani tukakuta nyingine zimepigwa randa na vanishi, kazi ya seremala kabisa. Tena baba mmoja akamcheka mwanangu mbele ya wenzake, akawakaripia na waamuzi, ambao ni vijana tu.

Wewe papa wa kofia ya kijani, jina lako sikulipata. Hukupaza sauti. Ulimvuta yule baba kando, ukamsalimia kwanza, ukazungumza naye hadi akatulia. Kisha ukawaomba waamuzi wamwulize kila mtoto: gurudumu umelifunga vipi? Walioshindwa kujibu, ukapendekeza wakimbie kwenye kundi lao peke yao, wasifukuzwe, kwa kuwa kosa halikuwa lao. Hilo ndilo lililonigusa zaidi. Mwisho ukachuchumaa kando ya binti yangu, ukamshikia ubao akikaza msumari uliolegea. Ulishika ubao tu. Nyundo ulimwachia yeye.

Wazazi wenzangu, tuwashikie ubao hivyo hivyo. Na wewe papa, ukisoma haya, aksanti sana. Karibu kwetu Himbi, tule sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, pamoja.