Jumamosi: wazee wawili na jamaa mwenye njaa

Wadau mambo zenu, Jumamosi saa mbili usiku tunaendelea na hadithi za Wagiriki, nimechagua mbili ambazo Ovid, mshairi wa Kirumi, kaziweka karibu karibu kwenye kitabu cha 8 cha shairi lake refu Metamorphoses, someni zote jamani sio moja nusu kama kawaida yenu 😂 (yeye anatumia majina ya Kirumi, Jupiter ndo Zeus mkuu wa miungu, Ceres ndo Demeter mungu wa kike wa nafaka).

Ya kwanza Baucis na Philemon, wazee maskini wa Frigia, Uturuki ya leo. Zeus na mungu mwenzie Hermes wanapita kama wasafiri, nyumba kibao zinawafungia milango, hawa wazee wanawakaribisha, meza yenyewe inayumba mpaka bibi anaweka kigae chini ya mguu ikae sawa, halafu wanamkimbiza bata bukini wao mmoja tu wawachinjie wageni na bata anawashinda mbio. Wakiambiwa waombe chochote hawaombi mali, wanaomba wafe pamoja, asiwepo wa kumzika mwenzie.

Ya pili Erysichthon, anaangusha mti mtakatifu wa Demeter kwa ubabe tu na anayemzuia anakatwa kichwa, basi anapigwa njaa isiyoisha, anakula mali yote, anamuuza mpaka binti yake, mwisho anajitafuna mwenyewe.

Ila mimi Zeus simpi sifa kwenye ile ya kwanza, huyo huyo kawagharikisha majirani wote wa wale wazee, sasa na yeye si mbabe tu? Tubishane hilo. Linki natuma Ijumaa, mkiingia zimeni maiki plizi.